Karatasi Ndani ya Soksi

"Ukimziba mpinzani mdomo, utamjibu nani?" Mmeisikia leo kwenye mdahalo, mkaipigia makofi, sasa mnataka kujua ni mhenga gani aliyeitunga. Hakuna mhenga hapo, wajukuu zangu. Methali hii aliianzisha mwizi, na mambo yalikuwa hivi.

Katika shule moja ya bweni ya wavulana, huko milimani ambako kuoga asubuhi ni adhabu tosha, alikuwapo Lusajo, kiongozi wa kwaya na bingwa wa utundu. Alipangwa kupambana kwenye mdahalo na mwanafunzi mwenzake, Kyando, bwaloni: je, Mungu yupo? Kyando hakuamini, wala hakuficha. Mshindi angeiwakilisha shule mkoani. Lusajo alikuwa ameshashindwa na Kyando mara mbili mbele ya shule nzima, na hakuwa tayari kushindwa tena huku Mungu akiwa upande wake.

Basi, kwa unyenyekevu mkubwa na kwa utukufu wa Mbingu, akaiba. Wakati wa chakula cha mchana alichomoa karatasi ya hoja kutoka kwenye daftari la Kyando, akaikunja, akaitia ndani ya soksi.

Saa kumi Kyando akasimama. Akafungua daftari, akapekua, akalikung'uta. "Ndugu mwenyekiti..." Akapekua tena.

"Zii! Mpagani kaishiwa!" Vijiko viligonga meza. "Mungu kamfunga ulimi! Keti, bwana!"

Kyando akaketi, macho sakafuni. Mwalimu Mkondya, mwenyekiti wa mdahalo, akagonga kengele. "Lusajo, dakika saba. Mjibu mwenzako."

Lusajo alisimama akishangiliwa kama bwana harusi. Akafungua kinywa. Amjibu nini? Majibu yake yote alikuwa ameyanoa, lakini mbele yake hapakuwa na swali hata moja. Akamtazama Kyando, mazomeo yakamchoma kana kwamba ni yake. Akainama, akavua kiatu.

"Mwalimu, hoja zake hizi hapa. Nimeziiba mimi."

"Umeiba ili kumtetea Mungu?"

"Ndiyo, Mwalimu. Hakunituma."

"Wewe mmalize tu!" mwanakwaya mmoja akapaza sauti.

"Nikimziba mdomo, nitamjibu nani? Wewe?"

Akaisoma karatasi yote, taratibu, bila kubeza hata neno moja. Mwisho wake uliandikwa hivi: "Mdogo wangu alikufa kwa malaria, rozari ikiwa shingoni. Tulikesha tukiomba. Kama Mungu yupo, alikuwa wapi?"

Hakuna kijiko kilichogonga.

"Kyando," Lusajo akasema, "hapo sijui. Mimi naamini alikuwa nanyi, lakini siwezi kukuthibitishia, na sitakudanganya kwamba naweza." Kengele ikalia.

Kyando ndiye aliyekwenda mkoani. Lusajo alipewa wiki mbili za kufyeka uwanja. Siku ya tatu Kyando akatokea na fyekeo mkononi.

"Bado siamini, kaka."

"Nami bado naamini. Anzia kule kwenye majani marefu, tubishane vizuri."

Wakafyeka wakibishana mpaka giza likaingia. Lusajo alirudi bwenini na malengelenge viganjani, kichwa juu, akitembea kama mtu aliyetoka mkoani na kombe. Na tangu siku ile, kila bwalo lile lilipotaka kumzomea msemaji, hakukosekana wa kusimama na kuuliza: ukimziba mpinzani mdomo, utamjibu nani?