Askari, Mbwa wa Steki

"Nyama tupu haimsimamishi mbwa." Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia bwana harusi jana, pale alipojisifu kwamba ameshamnunulia mkewe friji, televisheni na makochi. Nyinyi mkacheka mpaka soda zikawatoka puani. Leo mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni, na mikono isikae bure, menyeni hayo maboga. Methali hii ilianzia nyumbani kwetu, na mimi nilikuwepo.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minane. Tukabaki wawili, mimi na baba yangu Sefue, kwenye shamba letu la mahindi huku huku Upare, pembeni mwa msitu. Na msitu ule ulikuwa na nyani, acheni tu! Mwaka ule walikula shamba lote, wakatuachia mabua. Tuliishi kwa viazi vya kupewa na majirani. Baba akaapa kwamba haitatokea tena. Akaenda kwa jirani yetu, mjane mmoja aitwaye Mama Nambua, akapewa mtoto wa mbwa, akamwita Askari.

Baba alimpenda yule mbwa, jamani! Shemeji yake alikuwa na bucha, kwa hiyo kila siku Askari aliletewa nyama laini. Mfupa ukionekana, baba anautoa mwenyewe kwa kisu, mbwa asije akakwamwa. Sisi tunakula makande, mbwa anakula steki. Mama Nambua yeye aliwapikia mbwa wake chungu kimoja: ugali wa dona, dagaa wazima na vichwa vyao, boga, mchicha, na nyama akiipata. Baba akipita pale anamtania, "Mama, hao ni mbwa au mbuzi?" Naye anajibu, "Tutaonana mahindi yakibeba."

Mahindi yakabeba, na Askari akaanguka. Miguu ya mbele ilikuwa imepinda, ukimgusa analia. Watu wakaja, kila mtu na lake. Mmoja akasema mbwa karogwa. Mwingine akasema huyo hafai tena, amalizwe, atafutwe mwingine kabla nyani hawajashuka. Baba akakaa na panga magotini. Mimi nikatoka mbio mpaka kwa Mama Nambua, nikamshika kanga nikamvuta.

Alipofika alichuchumaa, akampapasa mbwa miguu polepole.

"Sefue, huyu anakula nini?"

"Nyama, mama. Nyama safi, steki."

"Na nini?"

"Na nini tena? Nyama!"

"Mifupa je?"

"Namtolea. Nisije nikamuua."

Mama Nambua akashika kiuno. "Ala! Mwanangu, mifupa umeitupa nje, unataka ya kwake iote kwa kitu gani? Umempa kitu kizuri, sikatai, lakini umempa kimoja. Nyama tupu haimsimamishi mbwa. Weka hilo panga chini, bandika chungu."

Baba akaliweka chini. Namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo.

Tangu siku hiyo baba, ambaye hakuwa akikaa jikoni, akawa mpishi. Nyama kidogo na ini, dagaa, dona, boga. Chumvi hakuna, kitunguu marufuku. Mama Nambua alikuwa mkali kama pilipili. Kazi yangu mimi ilikuwa kutwanga maganda ya mayai yaliyokaushwa mpaka yawe unga, tunatia kijiko kidogo tu. Shamba lililindwa na mbwa wa Mama Nambua, na hakutuomba hata hindi moja.

Wiki za kwanza hatukuona kitu. Kisha Askari akaacha kulia akiguswa. Kisha akaanza kujikokota mpaka mlangoni. Siku moja, mahindi yamekaribia kuvunwa, mbwa wa jirani wako upande wa pili wa shamba, nikasikia kubweka nyuma ya nyumba. Nikatoka. Kundi zima la nyani limeshuka, na Askari amesimama mbele yao. Miguu imepinda bado, anatetemeka, lakini amesimama! Alibweka mpaka wenzake wakasikia wakaja, na nyani wakarudi walikotoka. Mwaka ule tulivuna.

Kapu la kwanza baba alimpelekea Mama Nambua. Alimshukuru, akamshukuru tena, mpaka yule mama akasema, "Basi, Sefue, imetosha, keti unywe uji."

Lakini mimi Nakijwa nina shukrani yangu nyingine. Tangu mama afariki, kila nilipomlilia, baba aliniletea kitu kutoka gulioni: kashata, gauni, viatu. Anakiweka mezani, anakwenda shambani. Jina la mama hakulitaja. Ni pale kwenye chungu cha mbwa, mimi natwanga, yeye anakoroga, ndipo alipoanza kunisimulia alivyokuwa mama, alivyopenda kuimba, alivyomkatalia mara mbili kabla ya kumkubali. Tulicheka, tukalia, chakula cha mbwa kikaungua. Siku hiyo baba aliacha mwiko, akanitazama, akasema, "Nakijwa, mwanangu, kumbe na wewe nilikuwa nakulisha steki."

Haya, leteni hayo maboga. Na bwana harusi akija kuwaonyesha friji yake, mpongezeni, ni friji nzuri. Halafu mkumbusheni: nyama tupu haimsimamishi mbwa.