Mlezi wa Bi Fuko

Sogeeni, na mwenye karanga atafune polepole, maana kisa hiki kinaanza na kiu. Mwaka huo jua liliwaka mpaka kinyonga akakosa rangi ya kugeuza. Kilibaki kisima kimoja tu, na Simba, mfalme, akaamuru: kila mnyama kibuyu kimoja kwa siku.

Bi Fuko, kipofu tangu kuzaliwa, alifika wa kwanza. Pua yake ilimwongoza. Fisi akamkingia njia.

"Wee bibi, rudi shimoni! Ukitumbukia humu tutakunywa supu ya fuko?"

Wanyama wakacheka. Bi Fuko akaona aibu mpaka kwenye kucha. Fisi akalainisha sauti: "Mtukufu Simba, hawa wasiojiweza niachie mimi. Maji yake nitampelekea."

Simba, apendaye kuitwa mtukufu kuliko kuuliza maswali, akaitikia. Bi Fuko mwenyewe hakuulizwa.

Siku tatu maji yake yaliishia tumboni mwa Fisi. Bi Fuko akilalamika, anafokewa: "Funga domo! Nani atamsikiliza kipofu?"

Sungura alipopita, akamkuta anahema kama mvukuto. Akamnywesha mafunda mawili.

"Twende nikakusemee kwa Simba, bibi."

"Mwanangu, nimechoka kusemewa! Wewe msifu tu Simba mpaka atoe paja nono kwa ajili ya vipofu. Kisha Fisi asikie."

Sungura akacheka mpaka masikio yakapigana makofi. Jioni hiyo akammiminia Simba sifa mpaka mfalme akatangaza paja nono kwa vipofu, na Fisi akasikia.

Kesho yake Fisi akatokea, kafunga macho kwa jani la mgomba, anapapasa, anamkanyaga Simba mkia. "Nimepofuka, jamani! Ghafla tu, nikiwa napiga miayo!"

"Pole, baba," akasema Bi Fuko. "Mtukufu, si kipofu hupokelewa mgawo wake? Huyu niachie mimi. Giza nimelizoea."

"Vema," akanguruma Simba.

Bi Fuko akalikumbatia paja, akalitafuna kwa kishindo, mafuta yakimchuruzika kidevuni.

"Langu liko wapi?" Fisi akauliza, udenda chini.

"Nimeshakuletea, baba. Umekula vizuri kweli."

"Mwongo! Nakuona unavyolamba mfupa!"

Jani liko mkononi mwake, macho kayatoa kama mayai.

Fisi alitimuliwa kisimani, na kila aliyemcheka Bi Fuko alimzomea Fisi kwa bidii zaidi, ili kicheko chake mwenyewe kisahaulike.

Simba akakohoa. "Bibi, tukufanyieje sasa?"

"Mnipishe tu. Njia naijua."

Basi, ukitaka kumsaidia mtu, muulize kwanza. Ana mdomo.