Ruhusa ya Bi Tohe

Paukwa.

Pakawa.

Mliokaa mlangoni, sogeeni ndani. Jina nitakalotaja, litajeni kama nilivyolitaja. Tohe.

Swala.

Si swala. Tohe.

Tohe.

Basi anakuja.

Palikuwa na Tohe mzee katika Bonde la Matete. Wengi wakimwona tohe humwita swala, kwa kuwa wote wawili wana miguu myembamba na wote wawili hukimbia. Bi Tohe aliwasahihisha. Aliwasahihisha ndege, aliwasahihisha nyani, na hata alipoota uvimbe chini ya taya aliendelea kuwasahihisha, kwa sauti ya kukwaruza.

Tabibu wake alikuwa Kalunguyeye, mnyama mdogo wa miba mifupi, anayejikunja akawa kama tonge. Huyu naye wengi humwita nungunungu. Kwa hiyo wawili hao walielewana.

Kalunguyeye alimweleza ukweli, kwamba uvimbe ule hauponi, na kwamba siku za mwisho zitakuwa nzito. Bi Tohe akafikiri. Akasema anataka kunusa mvua ya kwanza ya masika, halafu aondoke siku atakayoichagua mwenyewe, kabla koo halijaziba.

Jambo likafika barazani kwa Simba. Wanyama wakabishana siku saba. Pundamilia alisema uhai si mali yetu. Ngiri alijibu kwamba maumivu nayo si ya hao wanaobishana. Aliyelia kuliko wote alikuwa Fisi. Alisema anawaonea huruma wagonjwa, na sheria ipite leo leo.

Sheria ikapita. Mgonjwa asiyepona aliweza kuomba ruhusa ya kuondoka. Aombe kwa mdomo wake, ataje jina lake, mara tatu, siku tatu, jua la utosi, wakati hakuna mwenye kivuli. Shahidi akae nje ya pango, asimwaibishe mgonjwa kwa kumtazama. Na mdomo ulioomba ndio upewe dawa. Kazi ya kuzika akapewa Fisi. Aliiomba mwenyewe.

Kiangazi kikazidi. Bi Tohe akakonda. Kila siku Fisi alipita kumjulia hali, na kila siku alimtazama mapaja.

"Bi mkubwa, unangoja nini?"

"Mvua."

"Ah, mvua," alisema Fisi, akatazama mbingu isiyo na wingu. Mpaka masika ingebaki ngozi tupu.

Siku moja, jua la utosi, Kanga aliyewekwa kuwa shahidi alikaa nje ya pango la Bi Tohe pamoja na tabibu, kama kila siku. Bonde lilikuwa kimya, jii. Hakuna unyasi uliotikisika. Ndani ya pango ikasikika sauti.

"Mimi, Bi Swala, naomba ruhusa."

Kanga akasikia. Kalunguyeye akasikia. Ilikuwa sauti ya Bi Tohe, pamoja na mkwaruzo wake. Kalunguyeye akaingia. Bi Tohe alikuwa amelala fofofo, kama alivyolala kila mchana baada ya kunywa dawa ya maumivu. Nyuma yake, upande wa tundu la pili la pango, kulikuwa na giza, na giza lile lilikuwa na harufu.

Siku ya pili Kalunguyeye aliingia mapema, akasimama kando ya mgonjwa, akautazama mdomo wake. Jua likafika utosini. Bonde likawa kimya, jii.

"Mimi, Bi Swala, naomba ruhusa."

Mdomo wa Bi Tohe haukufunguka. Miba ya Kalunguyeye ikasimama, mmoja mmoja.

Alipotoka nje na kueleza, Kanga alitaka kupiga kelele. Kalunguyeye akamtuliza. "Kaa, dada. Sheria inasema mara tatu. Tumwache amalize."

Siku ya tatu akachanganya dawa. Hakupima kiasi cha tohe. Alipima kiasi cha mnyama mwenye shingo nene. Kisha akajaza maji kibuyuni, akachukua na mfupa wa paja, akaingia navyo hadi mpakani mwa giza, akaviweka chini, akatoka. Jua likafika utosini. Bonde likawa kimya, jii.

"Mimi, Bi Swala, naomba ruhusa."

"Kwa hiari yako?" aliuliza Kalunguyeye akiwa mlangoni.

"Kwa hiari yangu."

"Unaweza kuacha, hata sasa. Hakuna atakayekucheka."

"Siachi, tabibu. Fanya haraka."

"Basi mbele yako pana kibuyu na mfupa. Kimoja ni dawa, kingine ni chakula cha kuagia."

"Mfupa?" iliuliza sauti, ikasahau kukwaruza.

"Una uboho."

Kibuyu kikalia, gulugulu. Halafu: kacha. Kacha, kacha, kacha.

"Tangu lini tohe anakula mifupa?" alinong'ona Kanga.

"Tohe hali," alisema Kalunguyeye. "Sijui huyo Swala wake."

Kacha. Kacha... ka.

Wakaingia. Fisi alikuwa amelala ubavu, hapumui tena, uboho uliotiwa dawa ukiwa bado kwenye sharubu, na kibuyu kimeinamia kinywa cha Bi Tohe. Bi Tohe alikuwa ameamka, anajifuta kidevu.

"Nani kaninywesha maji? Mungu ambariki, nilikuwa na kiu."

Simba aliletewa habari, akaipitia sheria neno kwa neno. Fisi aliomba kwa mdomo wake, mara tatu, mbele ya shahidi. Kosa halikuonekana.

Mvua ikaja. Bi Tohe akakokotwa hadi mlangoni, akanyoosha pua, akanusa mpaka akatosheka. Kesho yake, jua la utosi, akasema, "Mimi, Tohe, naomba ruhusa." Siku ya pili akasema tena. Siku ya tatu akasema tena. Kalunguyeye, ambaye safari hii alikaa ndani karibu naye, akamkumbusha kwamba anaweza kuacha.

"Najua," alisema Bi Tohe. "Ndiyo maana sikuogopa kungoja."

"Nikuageje?"

"Kwa jina langu."

"Kwaheri, Tohe."

Akanywa. Akaondoka, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia tena.

Lakini ukipita Bonde la Matete jua likiwa utosini, wakati huna kivuli, husikika sauti pangoni, yenye mkwaruzo: "Mimi, Bi Swala, naomba ruhusa." Ameshapewa. Hajaondoka. Usimjibu, na zaidi ya yote usimsahihishe.

Fundisho la hadithi ni hili. Ukiugua, mwachie akusemee yule anayekulilia kuliko wote. Na majina hayana maana. Kila kiumbe mwiteni mpendavyo.

Hadithi nimeitua hapa. Mwenye kuitaka ajitwike. Mgonjwa wetu aliitwa nani?

Tohe.

Nani huyo amesema Swala, hapo mlangoni?