Pipa Lililooshwa Kabla ya Wakati

Hapo zamani, huko Romania, kwenye nchi ya milima na kondoo, wachungaji walikuwa na desturi yao. Msimu wa jibini ukiisha, waliosha pipa la jibini, wakalifudikiza nje ya kibanda, wakateremka kijijini. Ukiliona limefudikizwa, ujue mlimani hakuna mtu. Mpaka leo wenzetu hao, mtu akitoroka, husema "ameosha pipa." Sasa nisikilizeni, na asisinzie mtu!

Toader na mdogo wake Gavril walikuwa mlimani, msimu bado haujaisha. Toader akashikwa na homa, akatetemeka mpaka meno yakagongana. Gavril akaliosha pipa, akalijaza maji ya moto, akamtumbukiza kaka yake. Homa ikapungua kidogo. Kisha akamwaga maji, akalifudikiza pipa nje likauke. Jamani, Gavril!

Kila Jumamosi Ilie, mkwe wa Toader, alipanda na farasi kupeleka unga. Jumamosi ile akaliona pipa kwa mbali. "Kumbe wameshaondoka," akasema, akageuza farasi. Hakuita hata mara moja! Akampa habari mama mkwe wake, Safta.

Safta akapika, akamngoja mumewe. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Akakumbuka kwamba mwaka jana Toader alipitia kilabuni akakaa siku tatu. Akanuna. "Pombe ikimtoka atakuja," akasema, akafunga mlango.

Siku ya nne Gavril akaingia uani, kambeba kaka yake mgongoni. Safta akatoka mbio amgombeze mumewe. Lo! Toader alikuwa maiti. 

Siku ya mazishi Dafina, binti wa marehemu, mke wa Ilie, akasimama mbele ya jeneza. "Aliyemuua baba yangu asiliguse hili!"

Gavril akalia. "Mwanangu, niliosha pipa nimwokoe. Homa iliporudi, ningemwachaje peke yake na mbwamwitu? Nilimngoja Ilie na farasi wake!"

Ilie akaruka. "Nani hapa hajui maana ya pipa? Mimi nilifuata desturi. Mama ndiye aliyejua hawajafika, akanyamaza!"

Safta akajipiga kifua. "Ningejuaje, mwanangu? Baba yako kanizoesha hivyo mwenyewe!"

Hapo Gavril akasema polepole, "Nilimwonya kaka kwamba wakiliona pipa watatuacha. Akanijibu, 'Lioshe tu. Ilie namjua, hawezi kuondoka bila kuniita.'"

Watu wakapigwa na butwaa. Ilie akakaa chini palepale. Dafina akamgeukia Gavril. "Kwa hiyo ulijua, Baba Mdogo? Ulijua, na bado ukaliacha nje?"



Haya, nyinyi mnaotazamana! Kaburi limeshachimbwa, padri anangoja, na Dafina hana wengine zaidi ya hao: baba mdogo, mume, mama. Je, nani alistahili kukatazwa kulibeba jeneza lile?