Birika la Mawe la Bi Zuwena

Maji hufuata nyayo. Ndivyo alivyowaambia jirani yangu Bi Saumu asubuhi hii alipowaona mkikanyaga nyasi za njia yangu, nanyi mmeingia mnacheka, mnataka kujua ni maji gani hayo yenye miguu. Hayana miguu. Wekeni simu zenu chini, wajukuu zangu, niwaeleze neno hili lilikozaliwa.

Lilizaliwa kwenye bustani ya jumba la Bwana Khalfani, kule kilimani mikarafuu inakoishia. Babu yake alijengesha humo birika la mawe lenye mabakuli matatu, moja juu ya jingine. Maji yalitoka kwenye chemchemi ya mlimani, yakashuka kwa mfereji, yakapita chini ya ukuta, kisha yakachomoza kwenye bakuli la juu na kumwagika hadi la chini. Mashine haikuwepo, ni mteremko tu na ujuzi wa waashi wa zamani. Mzee yule aliliacha birika liwe sabili: lango la nyuma lisifungwe, na kila mwenye kiu au ndoo ateke bila kuomba.

Bwana Khalfani alipofariki alimwacha mkewe, Bi Zuwena, peke yake. Mtoto hawakujaaliwa. Bi Zuwena alikuwa mzaliwa wa mjini, na kwa miaka thelathini ya ndoa hakuwahi hata siku moja kutoka kwa lango lile la nyuma. Mambo ya nje yote yalikuwa ya mumewe. Yeye alizijua tu sauti za wanawake waliokuja kuteka kila asubuhi.

Akakaa eda. Kwa kuwa wanaume nao walikuwa wakiteka, shemeji yake alilifunga lango kwa komeo ili mjane asionekane nao, kisha akarudi kwake. Hitima ikasomwa, wageni wakatawanyika. Nyumba ya vyumba kumi na mtu mmoja, hebu fikirini. Bi Zuwena akawa anaketi kando ya birika, akilisimulia mambo ambayo angemsimulia mumewe. Maji yalivuma, naye akaona kama anajibiwa.

Mwezi wa tatu mvumo ukaanza kupungua. Eda ilipofika mwisho, miezi minne na siku kumi, yalibaki matone.

Siku hiyo Bi Zuwena alioga, akavaa, akajifukiza udi. Alipika kahawa na visheti vya kutosha watu ishirini, akakaa ukumbini kungoja. Maana kwao mjini mjane hajitoi eda mwenyewe, asije akasemwa kuwa ana haraka ya dunia. Majirani ndio huja kumtoa. Alingoja mpaka alasiri. Hakuja mtu. Kesho yake akapasha kahawa ileile, akangoja tena. Siku ya tisa birika likanyamaza kabisa, na kimya kile kilimuuma kama kufiwa mara ya pili.

Akasadiki kwamba wametaka kumtenga hata kwa maji. Kaka yake alikuwa akimbembeleza siku nyingi afunge nyumba arudi mjini, na sasa akamtumia neno aje na gari. Akapanga nguo sandukuni. Lakini alitaka kwanza amwone kwa macho yake huyo aliyeuziba mfereji. Akalivuta komeo, limeshika kutu, akatoka.

Aliufuata mfereji akitafuta jiwe au tuta la udongo. Hakuona. Aliona majani ya mishelisheli yaliyooza, vifuu vya nazi na mizizi iliyojiingilia. Njia ya kando yake ilikuwa imemezwa na nyasi. Penye njia panda akakutana na Bi Mize, mkubwa wa wale wanawake, ndoo kichwani, akishukia kisima cha bondeni. Bi Zuwena alimwamkia, akaitambua sauti yake alipoitika, kisha akashindwa kujizuia.

"Nani aliyeziba maji yangu, Bi Mize?"

Bi Mize akaitua ndoo. "Hakuna aliyeziba, mwanangu. Tuliacha kupita tu. Tukipita, kila mtu huinama akatoa jani lililo mbele yake. Ndiyo kazi yenyewe, hakuna nyingine."

"Basi mbona hamkuja? Eda imekwisha siku tisa. Nimekaa nimevaa, nawangoja mje mnitoe."

"Huku kwetu hatumtoi mtu," akasema Bi Mize polepole. "Lango la eda hufunguliwa kutoka ndani, wala halipigiwi hodi. Kila asubuhi nalitazama lango lile kutoka hapa njia panda, naliona limefungwa, ndipo nashuka bondeni. Nikasema, maskini, bado anataka kuwa peke yake."

Bi Zuwena akalia, si kwa msiba tena, bali kwa zile siku tisa. Watu wa mjini wana mila zao na wa shamba wana zao, na kila mmoja hudhani yake ndiyo ya dunia nzima. Alipomaliza kulia akakunja buibui lake, akaingiza mikono kwenye tope, akatoa jani la kwanza katika maisha yake.

Kesho yake kaka alimkuta dada yake kwenye tope hadi magotini, pamoja na wanawake kumi na mmoja. Akarudi mjini na gari tupu. Siku ya tatu maji yakafika bakuli la juu. Komeo Bi Mize alilichukua kwa banda lake la kuku, na lango lile halikufungwa tena.

Sasa mmeelewa kwa nini Bi Saumu alisema vile. Nyasi za njia yangu mmeziona zilivyopanda. Tangu babu yenu afariki nakaa hapa nikisema, vijana wana shughuli zao, nisiwasumbue. Nanyi mlisema, bila shaka, bibi anapenda utulivu wake. Miezi mitano hiyo. Kahawa ipo jikoni, imimineni, na mkitoka kesho ng'oeni majani mawili matatu.

Maji hufuata nyayo.