Mtamba wa Joshoni

Sogeeni karibu. Nina kesi imenishinda, na leo mahakama ni nyinyi.

Kwetu Chitemo, huku Ugogoni, kuna watu watatu ninaojivunia bila kuficha. Ndahani huchanganya dawa ya kuogeshea ng'ombe na hajawahi kukosea kipimo. Nyemo, mke wa mwanawe, husoma kila chenye maandishi, hata karatasi iliyofungiwa maandazi. Chilongani ni mpole kupita kiasi, hajawahi kumbishia mtu, lakini fahali wake ndiye anayetangulia joshoni, kwenye birika la maji ya dawa. Asipoingia yeye, ng'ombe wa kijiji kizima hawaingii.

Siku ya josho akaja mtaalamu mgeni na chupa ya dawa mpya, koti lake jeupe limenyooka. Akamwamuru Ndahani apime makopo kumi ya dawa hiyo na kuyamimina joshoni.

"Bwana mkubwa, sisi huweka mawili."

"Mimina. Likitokea la kutokea, lawama ni zangu."

Ndahani akamimina matatu, manne, kisha mkono ukagoma. "Ng'ombe ni wetu. Simimini tena."

Mtaalamu akachukua kopo, akamalizia mwenyewe. Nasi tukaendelea kuswaga ng'ombe. Naona haya kusema, lakini lile koti lilitutia woga.

Nyemo alipoona baba mkwe amekataa, akapata moyo. Akaokota chupa, akasoma kwa sauti: kopo moja tu, likizidi mnyama hufa.

"Mama, rudi nyuma," mtaalamu akamwambia.

Hakurudi, akasoma tena. Tulisikia wote, na bado kila mtu alimngoja mwenzake.

Ikafika zamu ya Chilongani kumtanguliza fahali. Mtaalamu alimwonya kwamba asipomwingiza fahali, mifugo yake haitaogeshwa hapo tena. Chilongani aliketi chini mlangoni mwa josho, kamba mkononi, na kundi lote likasimama nyuma yake. Ndipo mtaalamu akaisoma chupa, akavua koti, akaagiza ng'ombe warudishwe.

Ng'ombe mia nne walirudi wazima. Kijiji kikatoa mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, awe zawadi ya aliyewaokoa.

Ndahani anasema yeye alikataa akiwa peke yake. Nyemo anasema bila yeye hakuna ambaye angejua. Chilongani hasemi kitu, ila wanaomtetea wanasema wale wawili hawakumzuia hata ndama.

Mtamba amefungwa kwangu. Mimi niliyekuwa naswaga kwa fimbo siku ile ndiye niliyeambiwa niamue. Haya, semeni: kamba yake mngemkabidhi nani?