Nusu ya Kauli ya Tobias Penrick

Wamesimulia waliotutangulia, na Mola ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika nchi ya Uingereza, zama ambazo mtu aliweza kufungwa kwa neno moja, palikuwa na mjumbe wa Bunge aitwaye Ambrose Thorley. Alikuwa mcha Mungu na msemaji hodari. Yeye na mjumbe mwenzake, Tobias Penrick, walikuwa chanda na pete.

Ikawa matajiri wameomba idhini ya kuzungushia ua malisho ya pamoja, wanyonge wasichunge tena. Tobias akasimama Bungeni akanena, "Mfalme hana amri, ila ile aliyokabidhiwa na Mungu ya kuwalinda wanyonge." Mahasidi wake wakaikata kauli, wakamfikishia mfalme nusu yake. Tobias akashtakiwa uasi.

Ambrose, aliyekuwa ameketi ubavuni pake siku ile, akaitwa kutoa ushahidi.

"Je, alisema kwamba mfalme hana amri?" akauliza hakimu.

Ambrose akamtazama rafiki yake. Alijua kuwa uwaziri umekaribia kumfikia, na neno moja la ziada lingemponza.

"Alisema," akajibu. Kisha akanyamaza.

Tobias akafia gerezani kwa homa. Ambrose akapewa uwaziri, akavishwa joho la heshima. Lakini kila alipopiga magoti kuomba, ulimi ulimwia mzito.

Miaka ikapita. Mwishowe nafsi yake ikamsuta kiasi cha kutostahimili. Akasimama mbele ya Bunge, akaitamka kauli ile kwa ukamilifu wake, akasema, "Niliisikia yote. Nilificha ushahidi, na damu ya mja wa Mungu imo shingoni mwangu."

Mfalme akamvua cheo siku hiyohiyo. Ambrose akaenda kwa miguu hadi kwa Bi Agnes, mjane wa Tobias.

"Nisamehe, shemeji."

"Nimekusamehe," akasema mjane, "kwani nami nautaraji msamaha wa Mola wangu. Lakini mume wangu, kila nilipomtembelea gerezani, aliniambia, 'Usihofu, Ambrose atarudi mahakamani kuwaeleza yote.'"

Ambrose akainamisha kichwa. Majonzi hayo hayakumtoka hadi alipofariki.

Enyi wapenzi, mlango wa toba u wazi, na Mola ni Mwingi wa rehema. Ila anayeungoja ushahidi wetu ni mwanadamu, na umri wake una kikomo. Tumwambie haki angali anasikia.